Ndugu Amepotea Vitani: Mwongozo Kamili wa Kumtafuta, Kutoka Kivu Hadi Kambini

Goma, mashariki mwa Kongo, ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizoizunguka Goma, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilivunjwa, watu wakaamriwa warudi vijijini kwao Masisi na Rutshuru, hata wale ambao nyumba zao hazipo tena. Wengine waliingia Uganda kupitia Bunagana na Ishasha. Wa Kivu Kusini waliuvuka mto Rusizi kwenda Burundi, na Uvira ilipotekwa Desemba 2025 maelfu wakavuka tena. Wapo waliofuata Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Katika mbio kama hizo mtoto hushikwa mkono na jirani, mzee huachwa nyumbani kwa sababu miguu haimbebi, kijana hupanda lori ambalo si la wenzake. Baada ya hapo ni kupiga simu kila jioni na kuambiwa namba haipatikani.

Mwongozo huu ni wa anayepiga simu hiyo, awe Goma, kambi ya Nyarugusu Tanzania, Nakivale Uganda, Nairobi au Ulaya. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa aliyetenganishwa na wake na vita vya Sudan au Somalia, lakini mifano nimeichukua Kongo.

Kwanza ujue kwamba hii ni haki yako

Watu wengi huingia ofisi ya Msalaba Mwekundu kwa unyonge, kana kwamba wanakwenda kuomba sadaka. Usiende hivyo. Mikataba minne ya Geneva ya 12 Agosti 1949 na Itifaki zake za Ziada za 8 Juni 1977 zinaitambua familia iliyotenganishwa na vita. Ibara ya 32 ya Itifaki ya Kwanza inataja waziwazi haki ya familia kujua yaliyowapata ndugu zao. Itifaki ya Pili, inayohusu vita vya ndani ya nchi, inataka familia zilizotengana zisaidiwe kukutana tena (ibara ya 4), aliyezuiliwa aruhusiwe kuandika na kupokea barua (ibara ya 5), na waliokufa watafutwe, wasiporwe, wazikwe kwa heshima (ibara ya 8).

Wanasheria wanabishana kama vita vya Kivu ni vya ndani au vya nchi kwa nchi, kwa kuwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba jeshi la Rwanda liko upande wa M23, jambo ambalo Kigali imekuwa ikilikanusha. Wewe unayemtafuta mwanao usiumizwe kichwa na ubishi huo. Sheria ya kimila ya vita inazibana pande zote, pamoja na makundi yenye silaha ambayo hayakutia sahihi mkataba wowote: kila upande unatakiwa kufanya uwezavyo kujua walipo watu walioripotiwa kupotea, na kuwapa familia habari ulizonazo.

Ila usiitaje ibara yoyote mbele ya kijana mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Wa kuzungumza na makamanda ni Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, ambayo Wakongo wengi wanaijua kwa jina lake la Kifaransa, CICR. Kazi hii ya kutafuta watu waliianza mwaka 1870 katika vita vya Ufaransa na Prusia. Katika Vita Kuu ya Kwanza walijaza kadi takriban milioni 7 za wafungwa na waliopotea, na baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 wao na mashirika mengine waliandikisha watoto zaidi ya laki moja waliokuwa peke yao. Kwenye vijiji na kambi, wanaotembea nyumba kwa nyumba ni watu wa kujitolea wa vyama vya Msalaba Mwekundu vya kila nchi.

Hatua ya kwanza: siku chache za mwanzo

Kaa pale ulipofika, kama ni salama. Familia nyingi huzidi kutengana kwa sababu kila mmoja anazunguka akimtafuta mwenzake. Mmoja aende kuuliza, wengine wabaki mahali panapojulikana.

Chagueni mtu mmoja aliye nje ya vita awe kituo cha habari: shangazi aliye Bujumbura, mjomba aliye Dar es Salaam, binamu aliye Kampala. Kila anayepata chembe ya habari ampelekee huyo. Yeye awe na daftari, aandike nani amemwona nani, wapi na siku gani, kwa sababu baada ya wiki tatu kila mtu atakuwa anasimulia kivyake.

Kisha uliza makanisani, misikitini, kwa machifu wa vijiji, kwa viongozi wa vitalu kambini na hospitalini. Pale Goma, majeruhi wengi wa mapigano walipelekwa Hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na ICRC. Katika kambi na vituo vingi vya mapokezi watu wa Msalaba Mwekundu wanatoa simu fupi ya bure na mahali pa kuchajia. Tumia nafasi hiyo kwanza, maana ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Na kama vita havijafika kwenu lakini mnaisikia milio, fanyeni jambo moja leo: mkaririshe kila mtoto namba mbili za simu, jina lake kamili, majina ya baba na mama, na jina la kijiji. Aliye mdogo asiyeweza kukariri, mwandikie kwenye kitambaa ukishonee ndani ya nguo.

Hatua ya pili: kusanya habari kabla ya kujaza fomu

Hapa ndipo mafaili mengi yanapokwama, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na majina. Mkongo kwa kawaida ana jina, postnom (jina la pili la asili) na jina la ubatizo, na tangu siasa ya otentisite, yaani kurudia asili ya Kiafrika, ya Rais Mobutu ya mwaka 1972 iliyopiga marufuku majina ya Kizungu, postnom imebaki kuwa sehemu ya utambulisho. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza wasiwe na jina hata moja la kufanana. Karani wa nchi nyingine hulitafuta jina la ukoo, akilikosa anajaza lolote lililo mwisho. Taja yote matatu, kwa mpangilio, ueleze lipi ni lipi.

Kisha tahajia. Jina lile lile huandikwa Ciza, Chiza au Tchiza. Rukundo inakuwa Lukundo kwa mwandishi mwingine. Toa namna zote unazozijua. Toa pia jina la nyumbani, lile ambalo majirani wanamwita: wapo kina Mama Furaha ambao hakuna mtu kambini anayejua majina yao ya kwenye kadi ya uchaguzi. Ongeza majina ya baba, mama na babu, kwa sababu ndiyo yanayowatenganisha watu wawili wenye jina moja.

Mahali nako kunahitaji uangalifu. Ukisema Rutshuru, ni mji au teritware (wilaya) nzima? Kitchanga wengine wanaiandika Kichanga. Mugunga ni mtaa, na kambi pia imewahi kuitwa hivyo. Taja teritware, shefferi (eneo la chifu), grupema (kundi la vijiji) na kijiji, au mji, kartiye (mtaa) na avenye (barabara). Ongeza alama ambayo mtu wa pale ataitambua: karibu na kanisa gani, soko gani, shule gani, nyumba ya chifu nani.

Mambo mengine ya kuandika: mwaka wa kuzaliwa hata kwa kukadiria, kabila na lugha ikiwa huoni hatari kuvitaja, kazi, dhehebu, alama za mwili (kovu, jino lililong'oka, chanjo, kidole), nguo alizokuwa amevaa, na alikuwa na nani. Kubwa kuliko yote ni mara ya mwisho: nani alimwona, saa ngapi, akielekea wapi, alisema anakwenda kwa nani. Picha ni nzuri, hata ya zamani, hata iliyo kwenye simu ya jirani.

Kama hujui jambo, sema hujui. Tarehe ya kubuni humpeleka mtafutaji kijiji kisicho chenyewe.

Hatua ya tatu: fungua ombi

Nenda ofisi ya ICRC au ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu. Kambini uliza watu wa kutafuta ndugu. Nyarugusu, Nakivale, Kakuma ya Kenya, Mahama ya Rwanda na kambi za Burundi, kazi hii inajulikana. Aliye Ulaya au Marekani aende kwenye chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi anayoishi. Aliye Ghuba na asiyejua pa kuanzia aingie familylinks.icrc.org, achague nchi anayomtafutia ndugu yake, atakuta njia ya kuwasiliana nao.

Anayefungua ombi awe ndugu wa karibu. Rafiki au jirani atasikilizwa hasa pale ambapo hakuna ndugu aliyebaki. Utaulizwa maswali mengi, mengine yakikurudisha kwenye siku unayotaka kuisahau. Una ruhusa ya kusimama, kunywa maji, kuja na mtu wa kukushika mkono. Mama anaweza kuomba ahojiwe na mwanamke.

Kabla ya kuondoka uliza mambo manne: namba ya faili lako ni ngapi, nani atapewa habari zako, jina la anayetafutwa litatangazwa hadharani au la, na ukihama utamjulisha nani. La tatu lifikirie vizuri. Kwa mtu anayewindwa, jina lake kusomwa redioni au kubandikwa ukutani ni hatari. Unaweza kukataa lisitangazwe na bado wakaendelea kumtafuta kimyakimya.

Ukijiandikisha UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kama mkimbizi, taja pia ndugu waliopotea. Hilo haliwi badala ya ombi la Msalaba Mwekundu. Ni mafaili mawili tofauti, na yote mawili yanakufaa.

Hatua ya nne: ujumbe wa Msalaba Mwekundu

Kama unajua takriban alipo lakini simu haifiki, andika ujumbe. Ni karatasi isiyofungwa, inayobebwa na watu wa Msalaba Mwekundu hadi kijijini au gerezani, na ya majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa kuwa haifungwi, husomwa njiani, na wakuu wa eneo wanaweza kuikagua. Ndiyo sababu inaruhusiwa kupita mistari ya vita.

Andika habari za nyumbani tu. Tuko wazima, mama amepona, Neema amejifungua, tuko kambi fulani, tunakusubiri. Usitaje askari, barabara walizopita, nani anatawala kijiji, wala siasa. Mstari mmoja wa aina hiyo unaweza kumletea taabu anayepokea, na ujumbe wenyewe utarudishwa. Asiyejua kusoma atasomewa, asiyejua kuandika ataandikiwa.

Watoto

Kama wewe ndiye uliyemwokota mtoto njiani, Mungu akubariki, na tafadhali fanya haya. Usimhamishe mji bila kuacha habari zake pale ulipomkuta. Mwandikishe kwa Msalaba Mwekundu, UNICEF au shirika la kulinda watoto. Usimbadilishe jina. Wakiwa ndugu wawili, wasitenganishwe hata kwa usiku mmoja. Kama ni mchanga asiyesema, tunza nguo zake na kitenge alichofungiwa, andika saa, mahali na watu waliokuwa karibu, kwa sababu mama yake atakitambua kitenge kile kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mtoto anayesema, andika maneno yake yalivyo: jina analomwita bibi, wimbo wa shuleni, rangi ya mlango wa kwao.

Picha ya mtoto usiirushe Facebook au WhatsApp pamoja na mahali alipo. Najua nia ni njema. Lakini anayeiona si mama peke yake. Wapo wanaosaka watoto kwa kazi za ndani, kwa migodi na kwa mabaya zaidi. Mtu akija akisema ni mjomba, usimkabidhi, hata mtoto akimkimbilia. Utaratibu ni kwamba kila upande uulizwe peke yake, majibu yalinganishwe, wazazi wakubali, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anataka kwenda. Wakati wa kusubiri, familia ya kulea ni bora kuliko kituo cha yatima, na haifai kuharakia kumwasili mtoto wa vita kana kwamba wazazi wake wamekwisha kufa.

Mtoto aliyetoka kwenye kundi lenye silaha anahitaji uangalifu wa pekee. Kumwandikisha aliye chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita. Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, alitiwa hatiani kwa hilo na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 14 Machi 2012, akahukumiwa miaka 14. Mtoto huyo ni mwathirika. Mweleze mhudumu kwa faragha alikotoka, ila usiandike hayo kwenye ujumbe unaosomwa njiani, na kabla hajarudishwa uliza kama kundi bado liko jirani na kwao.

Ukishuku amekamatwa

Andika nani alimchukua, sare au gari lilikuwaje, siku na saa. ICRC hutembelea wafungwa wa pande zote wanaporuhusiwa, huzungumza nao bila mlinzi kusikiliza, huandika majina na kubeba barua zao. Haina mamlaka ya kuwatoa, na anayekuahidi hivyo kwa jina lake anakudanganya. Inachoweza ni kuwa katikati pande zikikubaliana. Kuanzia mwisho wa Aprili 2025 ilisindikiza mamia ya askari na polisi wa Kongo walionyang'anywa silaha, pamoja na familia zao, kutoka Goma hadi Kinshasa, na Septemba 2025 huko Doha, serikali na M23 walitia sahihi utaratibu wa kuachiana wafungwa ambao ICRC inasimama katikati yake bila kuegemea upande.

Ukijua wazi amechukuliwa na maafisa wa dola nao wanakana kuwa naye, kuna Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliotoweshwa, kilichoundwa 1980. Kinapokea maombi ya familia bila malipo. Omba shirika la haki za binadamu unaloliamini likusaidie kuandika.

Ukishuku amefariki

Hakuna anayependa kufika hapa, na hakuna wa kumharakisha mwenzake. Baada ya mapigano ya Goma, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikusanya na kuzika maiti nyingi. Nenda mochwari na kwa Msalaba Mwekundu, ukiwa na maelezo ya nguo, meno, makovu na vitu vya mfukoni. Uliza kama kuna kumbukumbu ya mwili unaofanana na alama ya kaburi. Picha za maiti aangalie mtu mmoja imara wa familia, si mama na si watoto.

Wanakijiji wanaolazimika kuzika wasiyemjua, wapige picha ya uso, mwili mzima, nguo na vitu, wavihifadhi vitu hivyo, wamzike peke yake katika kaburi lenye alama, kisha wamjulishe chifu na Msalaba Mwekundu. Wasichome, wala wasirundike miili shimo moja.

Kuketi matanga bila mwili ni jambo linalogawanya familia. Baba anataka msiba uishe, mama anasema mwanangu yu hai. Mimi naona anayesubiri asilazimishwe kulia, na anayetaka kuomboleza asiitwe msaliti. Ya urithi, ndoa na mashamba yana taratibu zake za kisheria kwa mtu aliyetoweka. Mwone wakili kabla hamjagawana kitu.

Kutafuta ndugu na kutafuta haki ni njia mbili

ICRC hutunza siri na haitoi ushahidi mahakamani. Kanuni za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zenyewe zinaiheshimu kinga hiyo. Wengine huona ni woga. Lakini bila siri hiyo hakuna kamanda atakayewafungulia mlango wa gereza. Kama ulishuhudia mauaji au ubakaji, hayo wapelekee ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa au mawakili wa waathirika. Mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo alitangaza Oktoba 2024 kwamba anaufufua uchunguzi wa Kongo akiangalia Kivu Kaskazini tangu Januari 2022. Mambo hayo mawili yasichanganywe katika karatasi moja.

Matapeli

Kutafuta, ujumbe, simu na kuunganishwa vyote ni bure. Atakayekupigia akisema ndugu yako yuko kwenye orodha, tuma kidogo kwa M-Pesa au Airtel Money, ni tapeli, hata akilijua jina la babu yako. Mengi huyapata kwenye matangazo mnayoweka mtandaoni, kwa hiyo habari moja ya ndani ya familia isitangazwe kamwe, iwe ndiyo ya kumjaribia anayedai kumwona.

Jibu likija

Linaweza kuja baada ya wiki, au miaka. Mtu mzima akipatikana, anwani yake hutolewa kwa idhini yake tu. Akikataa, utaambiwa amepatikana na hataki mawasiliano, au utaambiwa kidogo zaidi ya hapo. Jibu la kuwa hajapatikana halifungi mlango: likija jambo jipya, faili hufunguliwa tena. Ukibadilisha laini ya simu au kuhama kambi, wajulishe wiki hiyo hiyo.

Safari ya kuunganishwa hupangwa kwanza kwa watoto na kwa wasiojiweza, kama wazee walioachwa peke yao. Ikivuka mpaka, nchi zote mbili lazima ziruhusu, karatasi ziandaliwe, na mtoto asindikizwe hadi mkononi mwa mzazi, ambaye atatia sahihi. Mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi hupewa mawasiliano, nauli anajitafutia. Ukiwa mkimbizi usiondoke kumfuata kabla ya kuzungumza na UNHCR na ofisi ya kambi, kwa sababu kurudi Kongo bila kuwaeleza kunaweza kukupotezea hadhi ya ukimbizi na kadi ya chakula, na familia ikakukuta huna pa kuwapokea.